Antena ya Gari la Mwalimu

Kaka yangu aliingia gereji Jumanne asubuhi na lile gari lake la spoti, mwendo wa kinyonga, taa ya kuashiria kushoto ikiwaka ingawa uani hakukuwa na mtu wa kuashiriwa. Ndivyo alivyo. Amefundisha udereva miaka thelathini na moja, na nusu ya madereva wa mji huu, pamoja na wale wanaonitukana kwenye mzunguko, wamepita mikononi mwake. Watu wote wanamwita Mwalimu. Hata mimi, mdogo wake wa tumbo moja, namwita hivyo hivyo.

Niseme jambo moja mapema, nisije nikaonekana nimelificha. Siku ile Mwalimu alikuwa anapigania funguo zake. Daktari alikuwa amewaambia yeye na mkewe kwamba kumbukumbu zimeanza kumpotea, kwamba bado anaweza kuendesha kwa muda, ila asitegemee kichwa chake tu. Shemeji yangu akampa sharti: afunge mashine ya kumwonyesha njia, na siku atakapopotea hata akiwa nayo, funguo anazichukua yeye na hazitarudi. Mwalimu alikubali, kisha akamwapisha asimwambie mtu. Hasa mimi.

Basi mimi sikujua. Nilichokiona ni mstaafu aliyenunua gari la viti viwili wakati ana wajukuu sita. Gari la bluu iliyokoza, limekaa chini mpaka ukitaka kutoka inabidi ujivute kwa mlango kama unatoka shimoni. Watoto wake walinuna. Mimi nililipenda, ingawa sikumwambia, kwa sababu ya dashibodi. Ilikuwa ya ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa uzi mwekundu, haina mkwaruzo hata mmoja. Fundi umeme wa magari anakaa miaka mingi kwenye plastiki zilizopasuka na gundi ya watu wengine, kwa hiyo nilikuwa nikiitazama dashibodi ile kama mtu mwenye njaa.

"Waya," akaniita. Ndilo jina langu hapa na kila mahali. "Nataka unifungie ile mashine ya njia."

"Mashine ya njia ipi?"

"Ile inayosema kata kushoto, kata kulia."

Nikacheka. Sikucheka kidogo. Nikamwita Mama Viti, mshonaji wa viti vya magari ambaye tunagawana banda, yeye na cherehani yake upande wa ukuta, mimi na betri zangu upande wa lango.

"Mama Viti, njoo usikie. Mwalimu kapotea."

Mama Viti alikuja na sindano mdomoni, akamwangalia Mwalimu, hakucheka. Mwalimu alitabasamu tu, akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye usukani.

Mtu anielewe kidogo. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha, na akanifelisha mara mbili. Wenzangu walipewa leseni, mimi ndugu yake nikarudishwa nyumbani. Alikuwa anakaa kiti cha kushoto, mguu juu ya breki yake ya ziada, anakuambia: nitajie mitaa kuanzia hapa mpaka hospitali. Ukikosa mmoja, unarudia. Ukisimama kumuuliza mpita njia, anakata alama. Alikuwa na mji mzima kichwani, hadi vichochoro ambavyo baiskeli inapita kwa kuomba radhi. Kazi yangu ya nyaya hakuwahi kuisifu hata siku moja. Alikuwa akipita gereji ananiuliza, "Hizo za rangi zote unazijua?" Sasa leo ndiye amesimama mbele ya meza yangu, ananihitaji. Nilitaka kuila ile raha taratibu.

Nilikuwa na mashine tatu kwenye rafu. Nikaanza na ile ya chini kabisa, ambayo hata si mashine, ni kishikio cha simu.

"Chukua hiki, weka simu yako, uache kunisumbua."

"Simu ina mambo mengi," akasema. "Nikibonyeza moja linakuja jingine. Nataka kitu chenye kazi moja."

Ya pili ndiyo niliyoitaka mimi. Nyembamba, inaingia kwenye nafasi ya redio kama ilizaliwa humo, mwanga wake unaweza kuufanya mwekundu ulingane na uzi wa dashibodi. Nilimweleza kwa dakika kumi, natia chumvi pale palipohitaji. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaonyesha ya tatu kwa kidole.

Ya tatu ilikuwa sinia. Skrini pana, imejitokeza nje, herufi kubwa kama za ubao wa darasani, na pembeni ina kitufe halisi cha kubonyeza chenye picha ya nyumba. Wanainunua sana wenye malori.

"Hii inasema Kiswahili?" akauliza.

"Inasema. Kwa sauti ya kuamsha mtaa."

"Na nikibonyeza hii nyumba?"

"Inakupeleka nyumbani."

"Popote nilipo?"

"Popote ulipo, Mwalimu. Hata ukiwa mwezini."

Akakibonyeza kile kitufe, skrini ikiwa imezimwa, mara mbili, tatu, kwa kidole gumba. Nimekikumbuka kidole kile mara nyingi kuliko ninavyopenda.

Nilibishana naye nusu saa. Nikamwambia anaharibu gari. Nikamuuliza nani hatacheka akiona sinia la lori ndani ya spoti. Akaniambia tu, "Hii, mdogo wangu." Hakuniita Waya. Nikakubali kwa kununa.

Akaanza kusoma kijitabu cha maelekezo palepale, amesimama, miwani puani. Mimi vijitabu hivyo huvitupa pamoja na boksi. Nimefunga mashine zaidi ya mia tatu, kijitabu kitaniambia nini? Baadaye kidogo akaja kwangu na ukurasa umekunjwa.

"Hii antena si inakaa hapa juu? Picha inaonyesha juu ya dashibodi, karibu na kioo."

Antena ya mashine hizi ni kijidude cheusi, mraba, ukubwa wa kiberiti, kina waya wake mrefu. Kazi yake ni kuona mbingu. Inazungumza na setilaiti, na setilaiti ziko juu, basi nayo inatakiwa itazame juu bila kuzibwa. Hilo nalijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Lakini nilifikiria kijidude kile kimekaa juu ya ngozi nyeusi, na waya unaotambaa kando ya uzi mwekundu, nikakataa.

"Kaka," nikamwambia, "huko juu wanaweka wasiojua kazi. Mimi naificha ndani. Hutaiona."

"Picha inaonyesha juu."

"Nimekuachia sinia lako. Niachie waya wangu."

Alifikiri kidogo. Akakunja kijitabu, akakitia mfukoni. "Wewe ndiye fundi," akasema. Nilimsubiri miaka thelathini aniambie neno lile, na nilipolipata nilivimba kichwa kiasi kwamba sikusikia kitu kingine mchana ule.

Kazi ilichukua siku mbili. Nilifungua dashibodi kwa vijiti vya plastiki, kipande kimoja kimoja, bila kuacha alama. Nikatafuta waya wa rivasi, waya wa breki ya mkono, nikatengeneza soketi ili nisikate hata waya mmoja wa kiwandani. Nikaijaribu mashine dashibodi ikiwa wazi, antena nimeilaza juu ya kiti. Setilaiti kumi na moja kwa mpigo. Nikafurahi. Kisha nikaipeleka antena ndani kabisa, chini ya ule mwamba wa chuma unaoshikilia dashibodi, nikaifunga kwa kamba ya plastiki isigongegonge, nikarudisha kila kitu mahali pake. Nilipowasha tena, ramani ikaja, na mshale ukawa umesimama hapo hapo kwenye gereji yetu.

Kumbe ule mshale haukuwa unaona kitu. Mashine hizi zikizimwa hukumbuka zilipokuwa mara ya mwisho, na zikiwashwa huonyesha pale mpaka zipate habari mpya. Hilo nalo nalijua. Ndiyo maana nina kanuni hapa gereji, nimeiandika mwenyewe ukutani kwa rangi: HAKUNA MASHINE INAYOTOKA BILA KUZUNGUSHWA BARABARANI. Mteja anaendesha, mimi nakaa pembeni, tunakwenda hadi kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Dakika ishirini. Alhamisi jioni Mwalimu alipokuja kuchukua gari nilikuwa nimechoka, na nikajiambia huyu si mteja, huyu ni kaka, kukiwa na tatizo atarudi. Nikabandika kibandiko changu cha gereji chenye namba ya simu kwenye pembe ya skrini, kama ninavyobandika kila kazi ninayojivunia, nikamkabidhi.

Alipoondoka Mama Viti alisogea.

"Kaka yako yuko sawa?"

"Kwa nini?"

"Leo kaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Baada ya kama robo saa kaja kaniuliza tena, kwa maneno yale yale."

"Huyo anakutania. Wewe humjui Mwalimu."

"Na ile antena umeiweka wapi? Sikuiona."

"Ndiyo maana yake, Mama Viti. Usiione."

Akarudi kwenye cherehani yake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa chini ya lori la maziwa, mwenye lori kasimama kichwani pangu anahesabu dakika maziwa yake yasije yakaharibika. Saa tatu simu ikaita.

"Waya, mbona haisemi?"

"Haisemi nini?"

"Mashine. Nimebonyeza nyumba. Imeandika inatafuta. Haijasema kitu."

"Uko wapi?"

Akasema, "Barabarani."

Nilikuwa nimeshika bisibisi kwa meno. Nikamwambia kile ninachowaambia wateja wote wenye haraka. "Inatafuta setilaiti hiyo, Mwalimu. Endelea mbele tu, itasema yenyewe."

"Niendelee mbele?"

"Moja kwa moja. Usiguse kitu."

"Sawa," akasema, na akakata simu.

Wateja wengine wote niliowahi kuwaambia maneno yale waliendelea mbele mpaka pale walipotaka kukata kona, wakakata, kwa sababu walikuwa wanajua wanakokwenda. Mashine kwao ilikuwa ya kuwapa uhakika tu. Mimi nilidhani naongea na mtu kama hao, tena anayeujua mji kuliko wote. Nikarudi kwenye lori la maziwa.

Saa sita kasorobo ikapigwa simu kwa namba nisiyoijua. Dereva wa lori la mbao, mtu mwenye sauti ya upole. Akasema yuko na mzee kwenye gari dogo la bluu, mafuta yamekwisha, simu ya mzee imezima, mzee hasemi anatoka wapi, ila kwenye skrini kuna kibandiko chenye namba hii. Nikamuuliza ni wapi. Akanitajia kijiji ambacho nimewahi kukipita mara moja maishani, kilomita mia moja na thelathini kutoka mjini, kwenye barabara kuu isiyo na kona hata moja ya maana.

Nilimpitia shemeji na gari langu la kazi. Alikuwa ameshasimama barazani, kashika simu, kavaa viatu visivyofanana. Tukatoka nje ya mji.

"Shemeji," akasema, "kuna jambo sijakwambia, nimeapishwa. Lakini leo naona kiapo kimekwisha."

Akanieleza yote, ya daktari, ya sharti, ya funguo. Alieleza akitazama mbele, bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Akaniambia pia kwamba asubuhi ile Mwalimu alikuwa anakwenda kumsalimia mwenzake kwenye shule ya udereva, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani, shule aliyoifanyia kazi miaka yote ile. Alitoka amevaa shati lililopigwa pasi. Alisema atakuwa amerudi kwa chakula cha mchana.

"Kwa nini mimi hasa nisiambiwe?" nikamuuliza.

"Alisema ungemcheka."

Nilishamcheka, na shahidi alikuwepo.

Tulimkuta saa nane. Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara vizuri kabisa, magurudumu yamenyooka, pembetatu ya tahadhari imewekwa nyuma kwa hatua zile zile anazowafundisha watu. Dereva wa lori la mbao alikuwa amekaa kivulini, amempa maji. Mwalimu alikuwa bado ndani, mikono miwili juu ya usukani, shati limemganda mgongoni. Nikainama dirishani.

"Mwalimu."

Akageuka. Alinijua mara moja.

"Ulisema niendelee mbele," akasema.

Hakuwa analaumu. Alikuwa ananiarifu tu, kama mwanafunzi aliyemaliza alichoagizwa na anasubiri kuambiwa kama kafaulu. Nilimshika bega. Nilitaka kusema kitu, nikasema tujaze mafuta.

Tulimimina mafuta ya dumu, nikamwashia betri kwa nyaya kutoka kwenye gari langu. Shemeji akachukua usukani wa gari langu, maana naye ni mwanafunzi wa Mwalimu na aliwahi kufelishwa mara tatu, na mimi nikaendesha la bluu, Mwalimu pembeni yangu. Kila nilipokaribia gari la mbele mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu, pale ambapo kwenye gari la shule kungekuwa na breki yake. Skrini ilikuwa inawaka usoni pangu. Inatafuta setilaiti. Kilomita kumi, inatafuta. Kilomita arobaini, jua kali, mbingu nyeupe haina wingu, inatafuta. Hapo ndipo nikaiona antena yangu kwa macho ya ndani, imefungwa vizuri kwa kamba ya plastiki chini ya chuma, haioni chochote, na nilikuwa nimeifunga mwenyewe.

Mwalimu hakukosea kitu. Alibonyeza nyumba kama alivyotakiwa. Ilipokataa, alipiga simu kwa fundi, kama alivyotakiwa. Fundi akamwambia aende mbele, akaenda. Nilikuwa na kilomita tisini nzima za kulisema hilo, na yeye yuko nusu mita kutoka kwangu. Nilijiambia nitalisema tukifika, mbele ya shemeji, niliseme mara moja.

Tulifika saa kumi na moja. Shemeji alishuka kwanza, akaja upande wetu, akasimama na mkono umenyooka, kiganja juu.

"Funguo, Mwalimu."

Mwalimu alinitazama. Hakumtazama mkewe, alinitazama mimi, na macho yake siku ile yalikuwa safi, hayana ukungu wowote. Alikuwa ananisubiri. Naamini alijua mashine ndiyo iliyokosea, na alijua mimi ndiye pekee ningeweza kusema hivyo nikaaminiwa.

"Hata na mashine amepotea," shemeji akasema. "Tulikubaliana."

Nilifikiria gereji yangu. Nilifikiria ile kanuni ukutani kwa rangi, na Mama Viti akisikia. Nilifikiria kwamba kama nikisema, basi kosa lote la siku ile ni langu, kuanzia antena mpaka simu. Nikainama, nikajifanya nafungua mkanda ambao ulikuwa umeshafunguka. Nikausikia ufunguo ukitolewa kwenye pete, mlio mdogo tu, na Mwalimu akisema, "Haya, mama."

Jumatatu yake nilikwenda kwao wakati Mwalimu amelala mchana, nikaomba ufunguo nikidai nataka kuangalia betri. Nikafungua dashibodi, nikaitoa antena, nikaibandika juu ya ngozi karibu na kioo, kama kwenye picha. Waya ukawa unaonekana. Ulikuwa mbaya kama nilivyodhani. Mashine ikapata setilaiti kumi na mbili kabla sijafunga mlango. Kazi yote ilichukua dakika arobaini, kwenye gari ambalo halikuwa na mwendeshaji tena.

Nilikaa na jambo lile miezi minane. Nilikuwa nakwenda kumwona kila wiki, na kila wiki nilikuta kitu kimepungua. Kwanza yalikwenda majina ya wajukuu, kisha siku za juma, kisha njia ya kutoka sebuleni kwenda chumbani. Siku moja nilimkuta shemeji jikoni, anapanga vidonge kwenye kile kisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku. Nikasema nikiwa bado nimesimama mlangoni.

"Shemeji, siku ile hakupotea kwa kosa lake. Antena niliiweka chini ya chuma. Mashine ilikuwa haioni. Alinipigia, nikamwambia aendelee mbele."

Aliendelea kupanga vidonge mpaka chumba cha Alhamisi. Kisha akasimama.

"Wiki nzima baada ya siku ile alikuwa ananifuata humu jikoni," akasema. "Ananiambia, mama, ile mashine haikusema. Mimi nilibonyeza, haikusema. Nikamwambia yaishe, Mwalimu. Nikamwambia kama unavyomwambia mtoto aliyevunja kikombe. Mwisho akaacha."

"Nisamehe."

"Daktari alisema pengine ana mwaka wa kuendesha. Pengine na nusu." Akachukua kidonge, akakirudisha. "Ungesema jioni ile, shemeji, ningemrudishia ufunguo pale pale. Alikuwa bado ni yeye jioni ile."

Nikamuuliza kama sasa haiwezekani, hata hapa uani tu. Nilijua jibu.

"Sasa hata breki haijui," akasema, na akamalizia Ijumaa.

Hakunifukuza. Angeweza kunifukuza na ningeondoka, lakini yeye akanipa kazi. Kila Jumamosi ananipa ufunguo, natoa gari la bluu, Mwalimu anakaa pembeni yangu, tunazunguka mji. Anapenda. Anatazama mitaa kama mtu aliyekuja kutembea mara ya kwanza, na mguu wake bado unakanyaga sakafu tukikaribia gari la mbele. Huo haujasahau. Wakati wa kurudi nampa yeye abonyeze ile nyumba. Anaibonyeza kwa kidole gumba, mara mbili, tatu, na sauti ya kuamsha mtaa inasema kata kushoto, kata kulia, wala haijawahi kukosea tangu Jumatatu ile. Mimi nafuata kila inachosema, ingawa njia naijua.

Jumamosi iliyopita tuliingia uani kwao, sauti ikasema umefika mwisho wa safari yako. Nikazima gari. Mwalimu hakushuka. Aliangalia mlango, akaangalia mti wa limau, akaangalia viatu vya wajukuu barazani.

"Hapa ni wapi?" akaniuliza, kwa ile adabu ya kuongea na mtu usiyemjua.

"Nyumbani."

"Nani kasema?"

"Mashine."

Aliitazama skrini, kisha ule waya uliotambaa juu ya ngozi, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye antena. Akatikisa kichwa kukubali.

"Basi ni kweli," akaniambia. "Hii kaifunga mdogo wangu. Yule hakosei."

Akajivuta kwa mlango, akashuka. Nilibaki kwenye usukani mpaka shemeji alipokuja kuuchukua ufunguo.